Mgeni Asiyekula

Bahari ya Tanga inapendeza kwa sababu ni maskini. Yale maji ya buluu yanayoonyesha mchanga wa chini, ambayo wageni huyapiga picha kutoka Ushongo hadi kisiwa cha Maziwe, yameng'aa hivyo kwa kuwa hayana chakula kingi. Bahari iliyoshiba haiwi hivyo. Huwa ya kijani, nzito, imejaa viumbe vidogo visivyo na hesabu. Bahari ya namna hiyo iko mbali kusini, kuizunguka Antaktika, ambako majira ya joto yakifika hufurika krili, jamii ya uduvi isiyozidi urefu wa kidole. Ghala la nyangumi wa nundu liko huko. Hula miezi kadhaa, akajaza mafuta chini ya ngozi, kisha baridi ikianza hulipa ghala mgongo, akapanda maelfu ya kilomita kupitia Afrika Kusini na Msumbiji hadi kwenye maji yetu. Huingia na kusi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, wengine wakichelewa mpaka Novemba, huonekana Mafia, Unguja, mkondo wa Pemba, na juu zaidi Watamu na Malindi.

Na huku hana anachokula. Hapa amefuata mambo manne tu: kupandana, kuzaa, kunyonyesha na kuimba.

Mimi ni mtu wa Masuguru, upande wetu huu wa Handeni na Korogwe, na bahari kwetu ni jambo la kufungia safari. Unapanda gari hadi Segera, unapita Muheza, ndipo unashuka Pangani. Tunachohusiana nacho ni mto tu. Maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru hupita Korogwe, yakaanguka Hale, yakaenda kumwagika baharini kati ya mji wa Pangani na Bweni. Wanaoishi kando yake huyaona yakipita, hawayaoni yakifika. Kwetu mtu husoma mawingu zaidi kuliko mawimbi. Vuli ikikosa, kila mmoja anajua mahindi yatakuwaje, na hakuna haja ya kuambizana.

Nilipomweleza mzee mmoja wa kijijini kwamba nakwenda Pangani kutazama nyangumi, aliuliza swali la kwanza ambalo mtu wa nchi kavu lazima aulize.

"Huyo analiwa?"

"Hapana, babu."

"Na yeye anakula nini?"

"Akiwa huku, hali kitu. Anakuja kuzaa."

Akanyamaza kidogo. "Basi huyo kafunga," akasema, akaendelea kupukuchua mahindi yake.

Hilo neno nililichukua nikashuka nalo pwani, nami sitaki kumvika mnyama kanzu. Saumu ina nia, na bila nia ni njaa tu; mtu wa Handeni anajua tofauti hiyo kwa tumbo lake kabla hajaisoma kwenye kitabu chochote. Mwaka wa ukame haukufanyi uwe mcha Mungu. Lakini nilijiuliza kama kuna kitu cha tatu, kati ya njaa inayokukuta na mfungo unaoukusudia: mwili uliojiandaa mwezi baada ya mwezi, mahali pa neema, ili uweze kukaa mahali pasipo na neema na kufanya huko jambo ambalo kwenye ghala halifanyiki. Wataalamu bado wanajadiliana kwa nini asizalie kulekule kwenye chakula. Wapo wanaosema ndama aliyezaliwa karibuni, hana mafuta ya kutosha, anahitaji maji ya joto. Wapo wanaosema mama anawakimbia nyangumi wauaji, ambao huku ni wachache. Wengine wanasema ni ngozi, kwamba katika joto nyangumi hubambua ngozi kuukuu na kuota mpya. Huenda zote tatu ni kweli. Kila moja inasema kwamba shibe si mahali pa kufanyia kila kitu.

Tulitoka Pangani mapema asubuhi, mwishoni mwa Agosti, kabla ya kusi kuchafua maji. Boti ilikuwa ya mbao, yenye mashine ndogo, na nahodha alikuwa mtu wa maneno machache, jambo nililolishukuru. Tulipovuka mwamba wa nje tukaiacha Maziwe upande wa kulia. Zamani kisiwa hicho kilikuwa na mivinje. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji makuu yakijaa hulifunika lote. Nahodha alizima mashine.

Yeyote anayedhani atakwenda kutazama nyangumi na ajue kwamba atatazama maji. Saa nzima, saa mbili, unatazama maji ambayo nyangumi hayumo, au yumo na humwoni, na hujui ni lipi kati ya hayo mawili. Macho yanachoka, yanaanza kubuni. Kila wimbi lenye povu linakuwa mgongo. Nikawa ninageuka huku na huku, na nahodha akasema bila kunitazama, "Shekhe, usimtafute. Atapumua."

Na kweli, sikio lilitangulia jicho. Pumzi kubwa ilitoka nyuma yetu, nzito, ikafuatiwa mara moja na nyingine ndogo. Nilipogeuka mvuke ulikuwa bado umesimama hewani, na chini yake mama na ndama.

Ndama alikuwa na rangi ya majivu, nyepesi kuliko ya mama, na pezi lake la mgongoni lilikuwa bado limelala upande, halijapata nguvu ya kusimama. Alijilaza juu ya kichwa cha mama yake, akateleza, akarudi. Kichwa cha mama kilikuwa na vinundu, na katika kila kinundu huota unywele mmoja mgumu. Ndiyo nywele pekee alizobaki nazo mnyama huyu ambaye mababu zake walitembea nchi kavu. Pezi lake la ubavuni, refu, jeupe chini, lilipita mbele ya boti ndani ya maji na kuyafanya yawe ya kijani kibichi. Kisha alipanda. Matundu mawili ya pua juu ya kichwa yakafunguka, yakatoa, yakavuta, yakafunga, yote hayo katika muda usiotosha kuimaliza Bismillahi. Akazama. Ndama akabaki juu peke yake kidogo, kwa sababu mapafu yake ni machanga na hawezi kukaa chini muda mrefu. Hupanda kila baada ya dakika chache, na mama huweza kukaa dakika kumi, ishirini, akimngojea chini.

Hapo ndipo tafakuri yangu iliponasa, kwenye pumzi. Sisi hupumua kwa kujisahau. Mtu analala, anagombana, anahesabu pesa, na kifua chake kinaendelea na kazi bila kumwuliza. Nyangumi hana hiari ya kujisahau. Jamii yao nzima, pamoja na pomboo, kila pumzi huichukua kwa kukusudia; wasipokusudia, hawapumui. Inasemekana ndiyo maana pomboo hulala nusu ubongo kwa zamu, nusu nyingine ikibaki macho kulinda pumzi. Kiumbe huyu wa tani 30 hajawahi kuvuta hewa hata mara moja bila ya kuwepo. Wenye twarika wa mwambao wetu, wanapokaa duara usiku kupiga zikri, hutumia miaka kujifunza jambo hilo: pumzi isipite bila mwenyewe kujua imepita. Nami pale ndani ya boti nilijaribu kupumua kwa nia. Niliweza kwa muda mfupi sana, halafu nikaanza kuwaza nauli ya kurudi.

Mimba ya nyangumi wa nundu huchukua karibu mwaka mzima. Maana yake ni kwamba iliingia katika maji haya ya kitropiki msimu uliopita, ikalelewa kusini kwenye shibe, ikaletwa tena kwenye joto kuzaliwa. Ndama huzaliwa akiwa na urefu wa zaidi ya mita nne na uzito unaokaribia tani moja. Kuanzia saa hiyo mama hutengeneza maziwa kutokana na chakula alichokula kusini msimu uliokwisha. Maziwa yenyewe ni mazito, zaidi ya theluthi yake ni mafuta, yanakaribia samli iliyoanza kuganda. Yangekuwa mepesi yangepotea baharini kabla hayajafika kinywani. Ndama ananenepa kila siku. Mama anakonda kila siku. Ukiwaona wametulia juu ya maji unadhani wanapumzika, na ni kweli wanapumzika, lakini ndani ya utulivu ule mwili mmoja unahamia mwingine.

Wanawake wa Handeni niliowahi kuwaona wakinyonyesha katika mwaka mbaya hawahitaji kuelezwa hili. Sitalipamba. Mama asiye na chakula anayetoa ziwa si mfano wa kitu chochote, ana njaa. Ninachosema ni kwamba nilipomwona yule mama wa baharini, nilijua ninamtazama nani.

Chuoni tulisomeshwa kisa cha Nabii Yunus tukiwa watoto, na majirani zetu Wakristo wana Yona wao, wa siku tatu. Sikuzote macho yetu yalikuwa kwa nabii: alivyokimbia, alivyopigiwa kura chomboni, alivyoomba gizani. Samaki alikuwa jumba la kisa tu. Lakini katika masimulizi ya wafasiri kuna jambo dogo ambalo ustadh alilitaja kwa kupita: kwamba samaki yule aliamriwa asiuchubue mwili wa mja yule wala asimvunje mfupa. Hakupewa riziki, alipewa amana. Nililifikiria hilo Pangani kuliko nilivyowahi kulifikiria kwenye mkeka wa chuo. Kumeza na usile. Kukaa na kitu tumboni, chakula kwa kila kipimo cha tumbo, na tumbo likazuiwa. Katika kisa kizima cha toba ya Yunus, aliyetii tangu mwanzo bila kukimbia alikuwa samaki. (Najua nyangumi wa nundu asingeweza kumpitisha mtu kooni, koo lake ni jembamba mno. Visa havisubiri ruhusa ya koo.)

Nahodha alinionyesha jambo jingine baadaye, tulipokwenda mbali zaidi, maji yalipokuwa meusi. Aliniambia niweke sikio kwenye mbao za chini, pale karibu na mkuku. Kwanza nilisikia maji yakigonga boti. Kisha, chini ya mgongano huo, mlio ulioshuka pole, ukanyamaza, ukapanda kwa nguvu hadi ukawa mwembamba, ukarudia. Ukarudia tena kwa mpangilio uleule. Dume alikuwa anaimba mahali tusipopaona.

Roger Payne na Scott McVay ndio waliochapisha mwaka 1971, katika jarida la Science, kwamba milio ile ina mpangilio unaorudiwa na kwa hiyo inastahili kuitwa wimbo. Wimbo mmoja huchukua kama dakika kumi hadi ishirini, na dume anaweza kuurudia kwa saa nyingi, mara nyingi akiwa ametulia kichwa kikielekea chini. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika kidogo kidogo msimu hadi msimu, wote wakibadilika pamoja. Kwa nini wanaimba, kumwita jike au kupimana wao kwa wao, ubishi haujaisha. Mwaka 2024 watafiti walieleza katika jarida la Nature namna sauti inavyotoka: kwenye koromeo lao kuna mto wa mafuta ambao hewa inaupita na kuutetemesha, na hewa hiyohiyo inaweza kurudishwa na kutumika tena. Huimba bila kutoa pumzi. Hakuna povu linalopanda. Kinywa kimefungwa, hakuna kinachoingia na hakuna kinachotoka, na bahari imejaa sauti yake kwa kilomita nyingi.

Lakini ninachokirudia zaidi kichwani si wimbo. Mwaka 2017 iliripotiwa kazi iliyofanywa katika ghuba ya Exmouth, Australia Magharibi, ambako wataalamu walibandika vifaa vya kunasa sauti kwenye miili ya ndama na mama zao. Walisikia kwamba mama na ndama hunong'onezana. Ni miguno na vilio vidogo visivyosikika mbali. Sababu inayotolewa ni kwamba nyangumi wauaji wana masikio, na madume wanaotafuta majike nao wana masikio, kwa hiyo usalama wa mtoto uko katika sauti ndogo. Basi katika maji yaleyale, msimu uleule, kuna sauti inayotaka kusikika na kila mmoja na sauti inayotaka kusikika na mmoja tu. Nilikuwa nimeweka sikio kwenye mbao na nilisikia ile ya kwanza. Ile ya pili ilikuwa imepita karibu yangu asubuhi, chini ya pezi jeupe, na sikuisikia, haikuwa yangu. Nimekutana na watu wa ibada wa aina zote mbili. Nawapenda waimbaji. Nawaogopa kidogo, kwa heshima, wale wa kunong'ona.

Mmoja wa madume waliopita katika maji yetu sasa anajulikana duniani. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi wa nundu una alama za weusi na weupe ambazo haziwi sawa kwa wawili, na picha za mikia hiyo hukusanywa na kulinganishwa. Dume huyu alipigwa picha pwani ya Kolombia, Bahari ya Pasifiki, mwaka 2013, akaonekana tena huko mwaka 2017. Agosti 2022 akapigwa picha katika mkondo wa Zanzibar. Kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe la dunia, umbali kati ya pande hizo mbili ni kilomita 13,046, na yeye hakuogelea mstari mfupi. Habari hiyo ilichapishwa Desemba 2024, na aliyeongoza kazi ni Ekaterina Kalashnikova. Zimetolewa dhana: pengine alifuata chakula, pengine alifuata jike, pengine bahari inayobadilika ilimsukuma. Mimi najiuliza aliimba nini siku ya kwanza. Wimbo wa Kolombia si wimbo wa huku. Huko Australia imewahi kutokea, katikati ya miaka ya 1990, madume wachache wakaleta upande wa mashariki wimbo wa upande wa magharibi, na kufika 1998 upande wote wa mashariki ulikuwa umeacha wimbo wake ukashika wa wageni. Kwa hiyo mgeni wa Kolombia ama alijifunza, ama alifundisha, ama alikaa kimya.

Kwetu tuna kisa cha safari kilichopinduliwa. Miaka ya 1830 ukame ulipoipiga Uzigua, watu wengi waliishia kwenye majahazi, wengine wametekwa, wengine wamejitoa kwa ajili ya chakula, wakauzwa hadi pwani ya Benadir, Somalia ya leo. Waliotoroka mashamba ya mto Shebelle, wanasimulia wazao wao, waliongozwa na Wanankhucha, mwanamke mwenye maono, na nia yao ilikuwa kutembea hadi nyumbani Uzigua. Wakaishia mto Juba. Wakakaa huko vizazi na vizazi, wakisema Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi yao walikimbilia Tanzania, na mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, wengi wakaja kupata uraia. Walifika katika nchi ambayo babu zao walitolewa, na walieleweka. Nyangumi hubadilisha wimbo na kushika mahali. Watu hawa walinyang'anywa mahali wakashika lugha. Sijui ni lipi gumu zaidi.

Nyangumi nao wana biashara yao ya kukumbuka. Durban kulikuwa na kituo cha kuwavua kuanzia 1908 hadi 1975, na katika karne ya 20 nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Marufuku ya kuwavua huko iliwekwa mwaka 1963, nayo ikavunjwa kwa siri na meli za Usovieti. Waliobaki waliendelea kupita palepale. Halafu walipofika kwetu walikuta baruti. Ukanda wa Tanga ulijulikana kwa uvuvi wa baruti kwa miongo mingi, hadi operesheni za miaka ya karibuni zilipoupunguza sana. Majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Mvuvi aliyelipua mwamba kwa ajili ya kapu la samaki aliusikia mlipuko mara moja. Waliokuwa wakinong'onezana mbali chini waliusikia mwilini mzima. Leo hatari ya kimya zaidi ni wavu wa jarife. Ndama akijisokota ndani yake, yule ambaye lazima akusudie kila pumzi hafiki juu kuichukua.

Na kuna sisi watazamaji. Kizimkazi, huko Unguja, pomboo wamefukuzwa na boti za watalii kiasi kwamba wameshajulikana kwa kufukuzwa. Nahodha wangu hakumfuata mama yule alipozama. Nilitamani amfuate, nilikuwa nimelipa. Alikaa na mkono wake juu ya mashine iliyozimwa, akaniambia tu, "Huyu mzazi," kana kwamba amejibu, na kwa kweli alikuwa amejibu.

Kuanzia Septemba nyangumi wanaanza kuondoka, na huwa hawaondoki ovyo. Majike waliopata mimba mpya hutangulia, kwa sababu wana msimu mzima wa kula mbele yao. Madume hufuata. Mama wenye ndama hubaki wa mwisho, kwa kuwa mtoto hajawa na mafuta ya kuingia kwenye baridi, na kila wiki ya kubaki ni wiki nyingine ya kunyonyesha bila kula. Ndio wanaoonekana bado mwanzoni mwa Novemba, wawili wawili, wakati wavuvi wa Pangani wameshageuza mazungumzo yao kwenye kaskazi, na huku Masuguru sisi tunatazama juu kuona kama vuli itanyesha.